Vijana Dhorubani: Uchambuzi wa Riwaya ya The Long Winter

Kufikia mwisho wa somo hili, unatarajiwa kuweza:
(a) kueleza msuko na mandhari ya riwaya kwa ufupi;
(b) kutaja sifa za wahusika vijana na kuzithibitisha kwa matendo yao;
(c) kufafanua maudhui makuu na mbinu za uandishi;
(d) kujibu swali la insha linalokutaka uchukue msimamo.

UTANGULIZI

The Long Winter, yaani majira marefu ya baridi, ni riwaya ya mwandishi Mmarekani Laura Ingalls Wilder, aliyezaliwa mwaka wa 1867 na kufariki mwaka wa 1957. Ilichapishwa mwaka wa 1940, nayo ni ya sita katika mfululizo wa vitabu alivyovitunga kutokana na maisha yake ya utotoni. Matukio yake yanaegemea majira halisi ya baridi ya mwaka wa 1880 hadi 1881 katika mji mdogo wa De Smet, eneo la Dakota, ambalo leo ni sehemu ya jimbo la South Dakota. Dhoruba ya kwanza ilipiga Oktoba. Kuanzia Januari hadi Mei, hakuna garimoshi lililoufikia mji huo.

Unaposoma, usiishie kuhurumia watu wanaotetemeka kwa baridi. Riwaya hii inauliza swali moja zito: mtu aliyebaki na akiba kidogo afanye nini jirani yake anapokosa kabisa? Takriban kila mhusika anapimwa kwa swali hili, na wanaopimwa vikali zaidi ni vijana.

MUKTADHA

Kuna mambo matatu unayopaswa kuyaelewa kabla ya kuendelea, kwa kuwa bila hayo matendo ya wahusika yataonekana ya ajabu.

Kwanza, dhoruba ya theluji si mvua ya barafu ya saa moja. Ni upepo mkali unaopeperusha theluji laini kama vumbi hadi mtu hauoni mkono wake mwenyewe. Katika riwaya, dhoruba moja huvuma siku tatu au zaidi, ikatulia siku moja au mbili, kisha nyingine ikaja. Hatari yake kubwa ni kupotea. Mtu anaweza kuganda hatua chache kutoka mlangoni pake kwa sababu haoni mlango ulipo.

Pili, uwanda wa Dakota hauna misitu. Hakuna kuni za kutosha. Makaa ya mawe, mafuta ya taa, unga, sukari na nyama huletwa kwa garimoshi. Reli hupita katika mifereji iliyochimbwa kati ya vilima, na mifereji hiyo ndiyo inayojaa theluji na kuganda. Garimoshi likikwama, mji wote umekwama.

Tatu, wakazi wengi ni walowezi waliokuja kutafuta mashamba. Sheria ya mwaka wa 1862 ilimruhusu mlowezi kupata ekari 160 mradi aishi humo na kulima kwa miaka mitano. Ili kusajiliwa, alipaswa awe ametimiza umri wa miaka 21 au awe mkuu wa familia. Kwa mtu kama huyo, mbegu ya ngano ni zaidi ya chakula. Ndiyo shamba lenyewe. Likumbuke jambo hili tutakapomjadili Almanzo.

MSUKO KWA UFUPI

Riwaya inaanza kiangazi. Laura, msichana wa miaka 13, anamsaidia babake kukata na kurundika nyasi kavu za mifugo. Baba anaona kichuguu cha mnyama mdogo wa kinamasi kikiwa na kuta nene kuliko kawaida, naye anaingiwa na wasiwasi. Oktoba, dhoruba ya kwanza inawakuta katika kibanda chao cha shambani. Ikitulia, Baba anawakuta ng'ombe wamesimama vichwa chini, pumzi yao ikiwa imegandia nyusoni mwao. Baadaye mzee mmoja wa jamii ya wenyeji asilia anaingia dukani mjini na kuwaonya walowezi kuwa majira haya yatakuwa ya dhoruba kwa miezi saba. Baba anaihamisha familia hadi kwenye jengo lake la mjini.

Shuleni, dhoruba inawavamia wanafunzi ghafla siku iliyoanza kwa jua. Wanaondoka kwa msafara kuelekea mjini na kunusurika kupotea. Baada ya hapo shule inafungwa. Garimoshi linakoma kuja. Makaa ya mawe yanakwisha, familia inasokota nyasi kavu kuwa vijiti vya kuchoma. Mafuta ya taa yanakwisha, Mama anabuni taa kwa kitambaa, kifungo cha nguo na grisi ya magurudumu. Unga unakwisha, wanasaga ngano kwa kinu kidogo cha kahawa tangu asubuhi hadi usiku.

Ngano nayo inapokaribia kwisha mjini, vijana wawili, Almanzo Wilder na Cap Garland, wanasafiri uwandani kumtafuta mkulima anayesemekana kuwa na ngano. Wanaipata na kurejea dhoruba ikiwa nyuma yao. Mwenye duka, Loftus, anataka kuiuza kwa faida kubwa, lakini wanaume wa mji wanamkabili. Hatimaye upepo wa joto unavuma Aprili, garimoshi linafika Mei, na familia inasherehekea Krismasi katika mwezi huo wa Mei kwa pipa la zawadi lililokwama njiani.

WAHUSIKA

Kumbuka: sifa isiyo na tendo la kuithibitisha haipati alama. Usiandike tu "Laura ni mvumilivu." Onyesha alipovumilia.

Laura
Ndiye mhusika mkuu. Sehemu kubwa ya matukio tunayaona kupitia macho yake.
- Ni mwajibikaji. Familia haina fedha za kuajiri kibarua, hivyo anafanya kazi ya nyasi ambayo mamake haoni kuwa inawafaa wasichana.
- Ni mlezi. Katika msafara wa shuleni anaushika mkono wa Carrie, mdogo wake aliye dhaifu, na hauachi.
- Ni mvumilivu. Anasokota nyasi kavu ingawa zinamkatakata mikono.
- Ana moyo wa kujitolea. Hapendi ualimu, lakini anakubali kusomea kazi hiyo ili dada yake Mary, aliyepofuka, apelekwe chuo cha wasioona.
- Ni binadamu wa kawaida. Kelele za upepo na mlio wa kinu zinamlemaza akili, kuna siku anajihisi kama aliye usingizini. Mwandishi hakumfanya shujaa asiyechoka, na hii ndiyo sababu tunamwamini.

Almanzo Wilder
Katika riwaya ana miaka 19, ingawa amemwambia ofisa wa ardhi kuwa ana miaka 21 ili apate shamba. Anaishi na kakake Royal katika duka lao.
- Ni mwenye mipango. Anaificha mbegu yake ya ngano nyuma ya ukuta wa mbao alioujenga ndani ya duka.
- Ni jasiri. Anaingia uwandani pasipo na barabara, akijua dhoruba yaweza kuja wakati wowote.
- Ni mkarimu. Baada ya kuhatarisha maisha, anakataa kulipwa hata senti kwa kuisafirisha ngano.
- Ni mtu anayebadilika. Mwanzoni hofu yake ni mbegu. Akiisha kuona jinsi Baba alivyokonda, anaanza kuwahesabu walio na njaa.
Huyu ni mhusika duara, kwa hivyo epuka kumweleza kwa neno moja.

Cap Garland
Ni mwanafunzi mwenzake Laura, na nduguye ndiye mwalimu wa shule.
- Ana fikra huru. Katika msafara wa shuleni anaachana na wengine na kufuata upande anaoamini ndio wa mjini. Alikuwa sahihi.
- Ni mwaminifu kwa rafiki. Almanzo anapoamua kwenda kutafuta ngano, Cap anakwenda naye ilhali hana akiba ya mbegu wala shamba la kulinda.

Mary na Carrie
Mary haoni, lakini anasaga ngano kwa zamu bila kunung'unika. Carrie ni mdogo na dhaifu, na bado naye anakaa kwenye kinu. Kupitia kwao mwandishi anaonyesha kuwa kuokoka hakutegemei misuli peke yake.

Baba na Mama
Baba ni mtambuzi. Anabaini kuwa chumba cha ndugu hao wawili ni kifupi kwa ndani kuliko kilivyo kwa nje, anakisia kuna ngano ukutani, anaenda na ndoo na kuichota mbele yao. Mama ni mbunifu na mwenye msimamo. Baba anapotaka kwenda mwenyewe kutafuta ngano uwandani, anamkataza waziwazi, jambo ambalo si kawaida yake.

Loftus
Ni mwenye duka. Ngano imenunuliwa kwa dola 1.25 kwa busheli, yeye anataka kuiuza kwa dola 3. Anawakilisha tamaa ya kuneemeka wakati wa dhiki. Hata hivyo, si mhusika mbaya kabisa: ndiye aliyetoa fedha za kuinunua, na anaposhawishika anaiuza kwa bei aliyoinunua.

MAUDHUI

1. Ushirikiano na utu
Ngano ikiisha kufika, Baba anamwambia Loftus kwamba yu huru kupanga bei apendayo, lakini wateja nao wako huru, na majira ya baridi hayatadumu milele. Watu watakumbuka. Baada ya hapo ngano inagawanywa kwa kuzingatia ukubwa wa kila familia. Hakuna sheria iliyoleta uamuzi huu wala askari aliyeulazimisha. Mji umeokolewa na watu waliokumbushana kuwa kesho watahitajiana tena.

2. Utegemezi
Mji umejengwa kwa sababu ya reli na unanusurika kufa kwa sababu ya reli. Walowezi wanajivunia kujitegemea, lakini siku garimoshi lilipokwama ndipo walipogundua kuwa hata mwanga wa usiku ulitoka mbali. Mwandishi anaonyesha jinsi wanavyorudia maarifa ya zamani: taa ya kifungo, moto wa nyasi, kinu cha mkono.

3. Binadamu na mazingira
Wanyama wanaisoma hali ya hewa mapema kuliko watu. Msimamizi wa reli anajaribu kuipasua theluji kwa kuliendesha garimoshi kwa kasi, linanasa. Funzo liko wazi: nguvu na kiburi havitoshi mbele ya dhoruba. Wanaookoka ni wale wanaoitazama mbingu, wanaokiri hofu na wanaojiandaa.

4. Nafasi ya mwanamke
Laura anafanya kazi ya shambani. Mama anabuni njia za kuishi na ndiye anayekata shauri kuhusu usalama wa mumewe. Kazi ya kusaga, ambayo haina sifa wala makofi, inafanywa na wasichana. Ukisifu safari ya ngano, sifu pia kinu. Ngano iliyookolewa na Almanzo isingekuwa mkate bila mikono ya kina Laura.

5. Elimu na matumaini
Shule ikifungwa, wasichana wanaendelea kusoma nyumbani. Ndoto ya Mary kwenda chuoni haizikwi na theluji.

MBINU ZA UANDISHI

Taharuki
Tukio la shuleni ni mfano bora. Bwana mmoja kutoka mjini anakuja kuwaongoza wanafunzi. Wanatembea muda mrefu bila kuona nyumba yoyote. Msomaji anaanza kushuku, kama Laura, kuwa wamepotea. Ghafla Laura anajigonga kwenye kona ya jengo. Ni hoteli, jengo la mwisho upande ule wa mji. Mbele yake ni uwanda mtupu. Hatua chache pembeni wangeikosa na wote wangepotea.

Kinaya
- Aliyekuja kuwaokoa wanafunzi karibu awapoteze, ilhali kijana aliyejitenga na msafara ndiye aliyeijua njia.
- Mkulima aliyetembelewa na Almanzo anakataa mwanzoni kuuza ngano yake kwa sababu ni mbegu. Hiyo ndiyo sababu ileile iliyomfanya Almanzo afiche yake. Almanzo analazimika kumshawishi mwenzake afanye jambo ambalo yeye mwenyewe amelikataa.
- Krismasi inasherehekewa Mei.

Tashihisi
Upepo unapewa sauti na nia ya kiumbe hai. Unapiga mayowe na kupigania kuingia ndani. Kuna wakati Baba anauinulia ngumi na kuufokea kana kwamba ni adui aliyesimama mbele yake.

Ishara
Fidla ya Baba ni ishara ya furaha ya familia. Baridi inapomkaza vidole akashindwa kuicheza, Laura anaogopa kuliko alivyoogopa upungufu wa chakula. Muziki unarudi wakati wa sherehe ya Mei. Ngano nayo ni ishara: kwa Laura ni uhai wa leo, kwa Almanzo ni uhai wa mwaka kesho.

Utabiri
Kuta nene za kichuguu na onyo la mzee zinamwandaa msomaji kwa yatakayojiri.

Usimulizi
Msimulizi ni wa nafsi ya tatu. Mara nyingi anasimama karibu na Laura, lakini katika sura kadhaa anahamia kwa Almanzo. Tunaijua ngano ya ukutani mapema kuliko Laura, na tunapoiona familia yake ikipunguza mkate, tunaumia zaidi kwa sababu tunajua chakula kilipo.

UHAKIKI: RIWAYA INANYAMAZIA NINI?

Mwanafunzi bora husoma pia kile ambacho mwandishi hakukisema. Zingatia mambo mawili.

La kwanza ni mzee wa jamii ya wenyeji asilia. Onyo lake linasaidia kuiokoa familia, lakini hapewi jina, anazungumza kwa lugha ya mkatomkato, kisha anatoweka. Ni mhusika bapa. Riwaya haisemi kuwa ardhi inayogombewa na walowezi ilikuwa ya jamii za watu kama yeye, na kwamba hata jina Dakota ni la watu hao. Kutokana na namna vitabu vya mwandishi huyu vinavyowasawiri wenyeji, mwaka wa 2018 chama cha wakutubi wa watoto nchini Marekani kiliondoa jina lake kwenye tuzo iliyokuwa ikiitwa kwa jina hilo.

La pili ni mipaka kati ya ukweli na ubunifu. Laura wa riwaya ni mwandishi mwenyewe, na Almanzo ndiye mwanamume aliyemwoa mwaka wa 1885. Katika maisha halisi Almanzo alimzidi Laura kwa takriban miaka kumi, ila riwaya imempunguzia umri ili awe kijana wa miaka 19. Vilevile, familia nyingine changa iliishi nyumbani kwao majira yale, lakini mwandishi aliiondoa ili tuione familia moja tu ikipambana. Kwa hiyo jiulize: je, picha nzuri ya Almanzo ingekuwa hivi kama ingeandikwa na mtu mwingine?

SWALI LA INSHA NA MWONGOZO WA JIBU

Swali: "Almanzo Wilder ni mbinafsi aliyejivika joho la ushujaa." Jadili ukweli wa kauli hii kwa kurejelea riwaya. (alama 20)

Neno "jadili" linakutaka uzipime pande zote mbili, kisha utoe msimamo. Anza kwa kuzikusanya hoja.

Hoja zinazounga mkono kauli:
- Anaficha ngano nyuma ya ukuta ilhali anajua mji unakaribia kuishiwa.
- Yeye na Royal wanakula chapati za maji na nyama huku familia ya Laura ikila mkate mkavu.
- Hakumpa Baba ngano kwa hiari. Baba ndiye aliyeigundua na kuichota.
- Anaenda kumshawishi mkulima mwingine auze mbegu, jambo ambalo hataki kulifanya yeye.
- Safari yake inahatarisha pia uhai wa Cap, ilhali kuna ngano nyumbani.

Hoja zinazopinga kauli:
- Ngano ni mali yake halali. Aliileta kutoka Minnesota kwa ajili ya kupanda.
- Bila mbegu hana mavuno, na bila mavuno shamba lake liko hatarini.
- Baba akiisha kuijua siri, Almanzo hamfukuzi wala hamnyimi.
- Anahatarisha maisha yake. Farasi wanazama kwenye theluji iliyofunika nyasi za kinamasi, miguu yake inakufa ganzi, na alama ya njia ni mti mmoja pekee uwandani.
- Anakataa malipo ya usafiri, na hivyo bei ya ngano haiongezeki kwa sababu yake.

Ukiisha kuzipanga hoja, tafuta kipimo cha kuzipimia. Kipimo kimoja kizuri ni hiki: nani anabeba gharama ya uamuzi? Mlinganishe Almanzo na Loftus. Wote wawili wanatetea mali yao. Loftus anataka kuongeza faida kutokana na hatari iliyobebwa na wengine. Almanzo anailinda mbegu yake, lakini anailipia kinga hiyo kwa mwili wake mwenyewe na hamtozi mtu yeyote. Hilo linamtofautisha na mlanguzi. Hata hivyo, halimwondolei lawama yote, kwa maana gharama nyingine ilibebwa na Cap, ambaye hakuwa na mbegu yoyote ya kulinda.

Mfano wa hitimisho: "Kwa jumla, kauli hii ina ukweli nusu. Almanzo anaanza kama mtu anayejali akiba yake kuliko njaa ya jirani, lakini anapoiona njaa hiyo usoni mwa Baba anachukua hatua inayoweza kumgharimu uhai. Ubinafsi wake ni wa mwanzo, utu wake ni wa mwisho, na ukuta wa ngano unabaki kuwa doa asilolifuta."

Si lazima ufikie hitimisho hili. Unaweza kumlaumu moja kwa moja au kumtetea moja kwa moja. Mtahini hapimi kama mmekubaliana. Anapima kama hoja yako ina tendo la kuithibitisha na kama umeujali upande wa pili.

MAKOSA YA KUEPUKA

- Kusimulia hadithi yote badala ya kujibu swali. Msuko ni ushahidi tu.
- Kuorodhesha sifa bila mifano, au kutoa mfano mmoja kwa sifa tatu.
- Kuchanganya sifa za mhusika na umuhimu wake. Sifa ni jinsi alivyo. Umuhimu ni kazi anayoifanya katika kuendeleza maudhui.
- Kuiita kila hali ya kusikitisha kinaya. Kinaya ni pale matokeo yanapokwenda kinyume na yaliyotarajiwa.
- Kudhani baridi ndiyo mada. Baridi ni mazingira. Mada ni jinsi watu wanavyotendeana ndani ya baridi hiyo.

MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza jinsi mandhari ya uwanda wa Dakota yanavyochangia kuijenga taharuki. (alama 10)
2. "Kuokoka ni kazi ya wengi." Thibitisha kwa kurejelea wahusika wowote wanne. (alama 20)
3. Fafanua umuhimu wa ngano kama ishara katika riwaya. (alama 8)
4. Linganisha na kulinganua uongozi wa bwana aliyewaongoza wanafunzi kutoka shuleni na uongozi wa Baba dukani kwa Loftus. (alama 10)
5. Mama anamkataza Baba kwenda kutafuta ngano, na vijana wawili wasio na familia za kulisha wanakwenda. Je, ni haki vijana kubeba hatari ambayo watu wazima wameikwepa? Jadili. (alama 20)
6. Eleza namna riwaya inavyomsawiri mzee wa jamii ya wenyeji asilia, kisha utoe maoni yako kuhusu usawiri huo. (alama 12)

Jibu swali la 5 kwa makini zaidi. Linakugusa wewe uliye na umri unaokaribiana na wa Cap. Andika kwanza hoja tatu za kukubali na tatu za kukataa, tafuta tendo katika riwaya linaloithibitisha kila moja, ndipo uanze insha. Ukikosa tendo la kuthibitisha hoja, iache hoja hiyo utafute nyingine.